Sentimita Kumi za Wodi ya Wazazi

Kuna watu uchovu huwaingia miguuni, wengine mgongoni. Bi Rula ulimwingia machoni. Miaka thelathini na minne alikuwa akitazama mistari, na ikifika saa nne asubuhi macho yalimwasha kama ya mtu aliyemenya gunia zima la vitunguu. Alikuwa anavua miwani, anayafikicha kwa upande wa kiganja, anairudisha, anaendelea. Daktari alimwambia apumzike. Alimjibu, "Nitapumzika mkija na macho mengine ya kuazima."

Kazi yake ilikuwa kuchora ramani za majengo. Hakuwa msanifu. Msanifu ndiye anayeifikiria nyumba na kutia sahihi; Bi Rula ndiye aliyeichora mpaka mafundi wakaweza kuisoma. Alianza akiwa msichana wa miaka ishirini na miwili, enzi za meza zilizoinamishwa na kalamu za wino, na karatasi nyepesi zilizoonyesha upande wa pili. Ukikosea mstari ulichukua wembe ukakwangua wino taratibu, umeshika pumzi, karatasi isije ikatoboka. Mzee mwenye ofisi alipomwona anapiga mstari mrefu kwa mkono mtupu, ukanyooka kama uzi wa timazi, alisema mbele ya wote, "Huyu hahitaji rula. Rula ndiyo inamhitaji yeye." Jina likamganda tangu siku hiyo. Hata mafundi waliomwogopa walimwita hivyo, ila kwa sauti ya chini.

Kompyuta zilipokuja, wenzake wanne wa zile meza waliondoka mmoja mmoja. Mmoja alisema hawezi kuchora kwa kitu kinachoitwa kipanya, akaenda kufuga kuku. Bi Rula alikuwa na umri wa miaka arobaini, akang'ang'ana. Alilia chooni wiki ya kwanza. Wiki ya tatu akawa anamfundisha mzee mwenyewe.

Kuchora kwa sasa si kuchora tena. Unajenga jumba zima ndani ya kompyuta: ukuta una unene wake, mlango una upana wake, na kila jengo linakaa katika faili lake. Na kwa kuwa hakuna ofisi yenye muda, sehemu kubwa ya kazi ya Bi Rula ikawa kuhamisha. Kwa nini uchore vyoo upya wakati vipo katika ile shule ya mwaka jana? Unafungua mafaili mawili, unachagua vyoo, unanakili huku, unabandika kule. "Ni kazi ya kuhamahama," alikuwa akisema, "ila wenzetu huhama na vitanda, mimi nahama na kuta."

Jambo moja alijivunia kupita yote, na hakulificha. Mchoro wake haukuwahi kurudi. Miaka yote hiyo hakuna fundi aliyepanda zile ngazi za ghorofa tatu, na karatasi iliyokunjwa kwapani, akasema hapa Bi Rula umekosea. Alilisema hilo kazini, alilisema kwa majirani, aliwahi kumwambia hata mtu aliyekuwa anamng'oa jino.

Alikuwa akiishi na mdogo wake, nesi katika wodi ya wazazi ya kituo kimoja cha afya. Wajane wawili, vyumba viwili, jiko moja na redio moja waliyoigombania. Asubuhi ile ya Alhamisi nesi alikaa kwenye kiti cha jikoni, mgongo wazi, dada yake akimfunga bendeji begani.

"Kaza kidogo. Siyo hivyo! Unanifunga kama furushi."

"Tulia basi. Jana tena?"

"Jana mara mbili. Kitanda kinafika konani kinagoma kama punda. Mama wa watu yuko juu yake, uchungu umemshika, anatakiwa chumba cha upasuaji, ananitukana mimi, mume wake na ukoo wangu wote. Tunainua mbele wawili, mlinzi anasukuma nyuma. Moja, mbili, tatu, tupa! Kumtupa mjamzito, dada, fikiria mwenyewe."

"Pole mdogo wangu."

"Pole yako haina mafuta ya kuchua. Laiti ningempata yule Mla Sentimita wako! Ningemlaza juu ya hicho kitanda nikamkwamisha pale konani mpaka Jumapili."

"Ramani yangu ilikuwa sawa," Bi Rula alisema, kama alivyosema kila mara. "Alichojenga yeye anakijua yeye."

Hapo inabidi kueleza, kwa sababu ndiko mambo yalikotoka. Ile wodi ilikuwa imechorwa na ofisi ya Bi Rula miaka tisa nyuma. Mzee aliifikiria mwenyewe na kuichora kwa penseli: vyumba vinne, stoo ya mashuka, na korido ya mita mbili na sentimita ishirini na tano kutoka lipu hadi lipu, ili kitanda chenye mita mbili na ishirini, pamoja na vishikio vyake, kigeuke bila kuinuliwa. Bi Rula akaijenga katika kompyuta, mafundi wakaijenga kwa matofali. Siku ya kujaribu vitanda, kitanda cha kwanza kikakwama. Wakapima. Korido ilikuwa na mbili na kumi na tano.

Msimamizi wa mafundi, mtu mrefu, mkimya, kofia ya kitambaa kichwani, alisema, "Mimi nilijenga karatasi."

Mzee alifungua karatasi zote mbili, ya penseli na ya kompyuta. Katika ofisi yao vipimo viliandikwa kutoka katikati ya ukuta mmoja hadi katikati ya mwingine, na zote mbili zilisema namba ileile: mbili na arobaini. Mzee akamgeukia Bi Rula. Watu wote wakamgeukia.

"Karatasi haili, fundi," Bi Rula alisema. "Anayekula ni mwenye mdomo."

Walicheka mpaka wabeba zege waliokuwa nje wakachungulia. Kabla ya jioni mtu yule akawa anaitwa Mla Sentimita. Ofisi haikumwita tena katika kazi yoyote. Mzee akafariki miaka miwili baadaye, mwanawe akashika ofisi, na ile wodi, kwa kuwa ilisifiwa kwa mwanga wake mzuri, ikahamishiwa katika kituo cha pili, kisha cha tatu, huko mbali ambako malalamiko hayafiki.

Sasa kilikuwa kinachorwa cha nne.

Siku hiyo ya Alhamisi bosi alimkuta mezani kwake. Alikuwa mwanaume wa miaka arobaini, aliyekua akitambaa chini ya meza za ofisi hiyohiyo, na Bi Rula ndiye aliyempa vipande vya karatasi achore magari. Mbele ya wageni alimwita Bi Rula. Wasipokuwepo alimwita mama.

"Mama, michoro inatakiwa kesho saa sita mchana. Ile wodi ya wazazi ihamishe tu kwenye faili jipya. Nusu saa."

"Nusu saa ya kompyuta au ya binadamu?"

"Ya kwako."

"Ya kwangu imeshazeeka. Ipe saa nzima."

Akafungua faili la kituo cha tatu upande mmoja, jipya upande mwingine. Alikuwa na desturi yake kutoka enzi za karatasi. Zamani, ukitaka karatasi mbili zilingane, ulizitoboa kwa pini kwenye kona moja. Kwenye kompyuta alichora msalaba mdogo kwenye kona ileile ya mafaili yote mawili, akauita msumari, na jengo lilipohamishwa alihakikisha linatua juu ya msumari. Akachora msalaba. Akachagua wodi nzima, akanakili, akaenda kule, akabandika.

Kidirisha kikajitokeza. Kilikuwa kilekile anachokiona kila siku, kile anachokibonyeza bila kukisoma kama mtu anavyofukuza nzi. Kilisema kwamba baadhi ya vitu vinavyoingia vina jina sawa na vilivyomo tayari katika faili hili, na kwamba vitakavyotumika ni vilivyomo humu. Chini palikuwa na orodha, na chini ya orodha neno moja: Sawa.

Kidole kilikuwa tayari. Lakini macho yalikuwa yanawasha, akavua miwani ayafikiche kwanza. Aliporudisha miwani, kidirisha kilikuwa bado pale kimemkodolea, na kwa sababu hakuwa na nguvu ya kufanya lolote kwa haraka, alisoma. Mlango wa wodi. Dirisha kubwa. Sinki. Ukuta wa ndani.

Ukuta wa ndani. Kila faili la ofisi yao lilikuwa na ukuta wenye jina hilo. Akatazama wa faili jipya: unene sentimita ishirini. Akatazama wa kituo cha tatu alikoutoa: ishirini na tano. Hapo akasogeza kiti karibu na kioo. Kwa sababu mzee, Mungu amrehemu, aliichora wodi ile kwa kuta za kumi na tano. Alikumbuka kabisa. Alikumbuka hata siku yenyewe, mvua ikinyesha, mzee akisema, "Huku juu hakuna ghorofa, kuta nyembamba zinatosha, tuwaachie wauguzi nafasi."

Akafungua kituo cha pili. Ishirini na tano. Cha kwanza. Ishirini na tano. Kisha akatafuta faili kongwe kuliko yote, lile dogo alilojenga wodi peke yake, kabla haijaingizwa katika jengo kubwa la kituo. Lilichukua muda mrefu kufunguka. Akaushika ukuta. Kumi na tano.

Akapima korido. Katikati kwa katikati, mbili na arobaini. Lipu kwa lipu, mbili na ishirini na tano. Akarudi katika kituo cha kwanza. Katikati kwa katikati, mbili na arobaini. Lipu kwa lipu, mbili na kumi na tano.

Akapima tena. Akachukua karatasi akakokotoa kwa mkono kama mtoto wa darasa la tatu, kutoa na kujumlisha, na jibu likakataa kubadilika.

Hivi ndivyo ilivyokuwa. Siku ile, miaka tisa nyuma, alipoihamisha wodi kutoka faili dogo kwenda faili la kituo, kule kulikuwa tayari na Ukuta wa ndani mwingine, mnene, wa sehemu ya jengo iliyobeba ghorofa. Kidirisha kilionya. Yeye akabonyeza Sawa. Kuta zote za wodi zikanenepa kimya kimya, nusu huku nusu kule. Mistari ya katikati haikusogea, namba kwenye karatasi haikubadilika, na korido ikapoteza sentimita kumi. Upana wa kiganja. Kikulacho ki nguoni mwako, na cha Bi Rula kilikuwa kimekaa kwenye ncha ya kidole chake.

Alitoka akaketi kwenye ngazi, baina ya ghorofa ya pili na ya tatu. Hakulia. Alihesabu tu alichokuwa nacho, na hakikuwa kingi: jina lake, na miezi minane ya kazi kabla ya kustaafu. Angeweza kurekebisha wodi hii ya nne kimya kimya na kwenda nyumbani na jina lake zima. Hakuna mtu duniani angefungua lile faili dogo. Kwa muda mrefu, mrefu kuliko alivyokuja kukiri baadaye, aliona hilo ndilo la kufanya. Kilichomsumbua ni kwamba kuta zikirudi kuwa nyembamba, nguzo zilizofichika ndani yake zitatokeza koridoni, itabidi zisogezwe, na michoro ya mhandisi haitalingana tena. Ingebidi amwambie bosi kitu. Akainuka kwa kushika ukuta, akaenda, bado hajui atasema kitu gani.

"Bosi, una nafasi?"

"Ukiniita bosi tukiwa wawili, najua kuna msiba."

"Wodi haiwezi kwenda kesho. Korido ni nyembamba. Inatakiwa ipanuke sentimita kumi."

"Hiyo wodi imejengwa mara tatu, mama."

"Na mara zote tatu ni nyembamba."

Bosi alicheka, halafu akamtazama usoni, akaacha. Bi Rula alimwonyesha mafaili, moja baada ya jingine, kuanzia dogo. Bosi alikuwa fundi wa kompyuta kuliko yeye. Hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Alikuna kidevu kama marehemu baba yake.

"Kwa hiyo yule Mla Sentimita…"

"Hakula."

"Nani alikula?"

Hapo ndipo ilipokuwa njia panda yenyewe, na Bi Rula aliiona ilivyo. Angeweza kusema kompyuta. Watu wote husema kompyuta.

"Mimi," alisema. "Kwa kidole kimoja."

Bosi alifunga mlango. "Sikiliza, mama. Tuseme tumeboresha. Wodi mpya, korido pana zaidi. Hakuna mtu anayeuliza kwa nini kitu kimekuwa kizuri. Naomba muda hadi Jumatatu, tunarekebisha, yamekwisha."

"Na zile tatu?"

"Zile tatu zimeshajengwa."

"Ndiyo maana nauliza."

"Mama, unataka nini? Niandike barua kwamba ofisi ya baba imekosea mara tatu? Jina lake liko kwenye ukuta wa kile kituo cha kwanza, limechongwa kwenye jiwe."

"Baba yako alichora mbili na ishirini na tano. Hilo litakuwa la kwanza katika barua. La pili ni kwamba aliyehamisha ni mimi. Nitaandika na kusaini mwenyewe, na nitachora na jinsi ya kurekebisha. Ukuta wa stoo ya mashuka haubebi kitu, unaweza kusogezwa."

"Miaka yote hii umesema mchoro wako haujawahi kurudi."

"Umerudi," Bi Rula alisema. "Umechelewa tu njiani."

 Bosi alisimama dirishani akitazama chini barabarani, ambako mtu alikuwa anasukuma mkokoteni wa mabati na magari yakimpigia honi. Mwishowe alisema, bila kugeuka, "Iandike. Nitaisoma kabla haijaondoka." Na Bi Rula alijua kwamba ataisoma, ataichukia, na ataiacha iondoke. Alimlea kiasi cha kumjua.

Namba ya msimamizi wa mafundi ilikuwa bado katika daftari la zamani la ofisi. Ililia mara saba. Ikapokelewa na kelele za mashine ya zege, kisha sauti.

"Nani?"

"Mimi Bi Rula."



"Kumbe uko hai."

"Niko hai, fundi."

"Mimi pia. Ingawa ulinizika."

Alimweleza. Alieleza vibaya, akianzia katikati, akirudi nyuma, yeye ambaye hajawahi kuanzia mstari mahali pasipo pake. Fundi alisikiliza mpaka mwisho.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Nilijua siku ileile. Nilienda nyumbani na karatasi yako nikaipima kwa tepu. Ukuta ishirini na tano, kati kwa kati mbili na arobaini. Ukijenga hivyo, unapata mbili na kumi na tano, hata ajenge malaika."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilisema. Nilisema nimejenga karatasi. Wewe ukachekesha watu."

Bi Rula alishika simu kwa mikono miwili. "Nisamehe, fundi."

"Sina haraka na hilo," fundi alisema. "Mtoto wangu wa mwisho aliitwa Sentimita shuleni. Mtoto! Nina zege hapa linaganda. Kwaheri." Akakata.

Nyumbani, kabla hawajawasha hata taa, alimwambia mdogo wake. Nesi alikuwa anapepeta mchele kwa mkono mmoja, ule mzima. Akasimamisha ungo.

"Yaani miaka tisa nimemlaani mtu wa watu."

"Ndiyo."

"Asubuhi na jioni. Nimemlaani mpaka vitukuu."

"Ndiyo."

"Na wewe ukiitikia."

"Sikujua, mdogo wangu. Kweli sikujua."

"Hukujua kwa sababu hukupima! Miaka tisa naingia nyumbani na bega hili kwa mlango huo, dada, hata siku moja hukusema ngoja nikapime. Mtu mwenye tepu kwenye mkoba kama wanja!" Akaweka ungo chini. "Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Lakini aliyechomwa si wewe, ni mimi."

 Siku tatu nesi alipika chakula cha mtu mmoja, na redio akaibeba chumbani kwake. Ijumaa, Jumamosi na Jumapili Bi Rula alishinda ofisini akisogeza nguzo. Kuhamisha kwenyewe kulimchukua dakika mbili: dawa yake ilikuwa kuupa ukuta jina la peke yake kabla ya kuutoa katika lile faili dogo, ili ukifika kule usikutane na wa jina lake. Dakika mbili. Alizifikiria sana hizo dakika mbili. Nguzo, madirisha, mabomba ya maji na majedwali ndivyo vilivyomla macho, na kila kidirisha kilipojitokeza alifuta miwani, akasogea karibu, akasoma mpaka nukta ya mwisho. Jumatatu michoro iliondoka. Ikapokelewa. Hakuna aliyeuliza kwa nini korido ni pana.

Barua ziliondoka siku hiyohiyo, tatu, kila moja na mchoro wa ukuta wa stoo. Moja haikujibiwa hadi leo. Moja ilijibiwa kwamba suala limepokelewa, maana yake limewekwa droo. Ya tatu haikupitia posta. Nesi aliikuta kwenye meza ya jikoni, akaisoma akiwa amesimama, mara mbili, sehemu iliyosema nimekosea mimi akairudia mara ya tatu. Kisha akaitia katika mkoba wake na kwenda kuiweka mwenyewe mbele ya mganga mkuu wa kituo, na hakuondoka hapo mpaka akaambiwa ukuta utavunjwa lini. Jioni hiyo alipika kwa watu wawili. Ila redio haikurudi.

Miezi miwili ikapita kabla ya ukuta kuvunjwa. Mganga mkuu alitaka fundi yeyote wa karibu. Bi Rula alipanda ofisini kwake kumwomba amwite msimamizi yule wa zamani, na yule wa zamani akajibu kwamba atakuja kwa sharti moja: Bi Rula awepo, na tepu ashike yeye.

Kwa hiyo akawepo. Wagonjwa walikuwa wamehamishiwa vyumba vya nyuma, korido ilikuwa imejaa vumbi na harufu ya simenti mbichi. Ukuta wa stoo ulikuwa umeanguka na mwingine, mwembamba, ulikuwa umesimama nyuma ya pale, umeshapigwa lipu. Mafundi sita waliegemea machepe yao. Manesi wawili walichungulia mlangoni, mmoja wao mdogo wake. Fundi alikuwa amezeeka, amepinda kidogo, kofia bado ya kitambaa. Hakumsalimia kwa mkono. Mkono ulikuwa na lipu. Alisema tu, "Shikamoo Bi Rula," ingawa walikuwa karibu rika moja, na Bi Rula akalipokea neno hilo kama lilivyotumwa, na kijembe chake.

Alibana ncha ya tepu ukutani kwa kiatu cha fundi mmoja, akaivuta hadi upande wa pili, akapiga magoti. Magoti yalilia. Akavua miwani, akafuta vumbi kwa kanga, akairudisha.

"Soma," fundi alisema.

"Mbili na ishirini na tano."

"Mashine ya nje inapiga kelele. Sijasikia."

Hakukuwa na mashine yoyote nje. Mafundi waliangalia chini, mmoja akakohoa.

"Mbili na ishirini na tano," Bi Rula alisema kwa sauti, akiwa bado amepiga magoti. "Lipu kwa lipu. Na ile ya kwanza ulijenga sawasawa na karatasi. Karatasi ndiyo iliyokosea, na karatasi niliifanya mimi."

Korido ilirudisha sauti yake mpaka mwisho. Fundi aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayekagua kazi na kuiona inapita, bila kuisifu.

"Haya," akawaambia watu wake. "Safisheni. Watu wanataka wodi yao."

Bi Rula alijaribu kuinuka, magoti yakakataa. Alikaa palepale chini, tepu ikiwa imelala mapajani, akasubiri nguvu zirudi. Mafundi walimpita huku na huku wakibeba vifusi. Baada ya muda nesi alikuja, akasimama juu yake, akamnyooshea mkono ule mzima.

"Inuka dada. Unaziba njia."